Kilele Kimoja, Milima Mingi: Dhidi ya Uvivu wa Neno katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Liko neno moja ambalo limeufanya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kuwa mwepesi kuliko unavyostahili. Neno lenyewe ni 'kilele'. Tamthilia ina kilele chake. Mgogoro hufika kileleni. Mhusika hufikia kilele cha ukombozi wake. Ushairi wa Pate ulikuwa katika kilele chake zamani. Kejeli ya mwandishi hufikia kilele katika sura ya mwisho. Na mwandishi mwenyewe, akishachapisha kitabu cha tatu, husemwa kuwa yu katika kilele cha usanii wake. Hizo ni sentensi sita zenye maana sita. Lakini msomaji anayezikuta katika tasnifu moja hana njia ya kujua kuwa maana ni sita, maadamu neno ni moja.

Wapo watakaosema kuwa hili ni suala la msamiati tu, na kwamba wahakiki wana mambo makubwa zaidi ya kuyashughulikia. Dai hilo halisimami. Mhakiki hana chombo kingine isipokuwa neno. Akikosea neno, amekwisha kukosea kuona. Na athari yake haiishii katika vitabu vya wanazuoni. Katika chumba cha mtihani swali huulizwa: 'Onyesha kilele cha tamthilia hii.' Watahiniwa watatu hutaja matukio matatu tofauti. Mmoja hupewa alama, wawili hunyimwa. Ilhali yamkini wote watatu wamesema kweli, na aliyekosea ni aliyeuliza.

Makala haya yanadai kwamba dhana zilizorundikwa chini ya neno 'kilele' ni nyingi na hazifanani; kwamba rundo hilo limetokana na kuitegemea orodha ya maneno ya Kiingereza bila kuichunguza; na kwamba Kiswahili kina picha zake cha kutosha za kuzitenga dhana hizo, picha ambazo wahakiki wamezipita kwa haraka wakiukimbilia mlima.

2. Faharasa na safu zake mbili

Chanzo cha tatizo ni faharasa. Katika safu ya kushoto ya karatasi zinazozunguka vyuoni huorodheshwa maneno ya Kiingereza: 'climax', 'peak', 'summit', 'apex', 'acme', 'zenith', 'pinnacle', 'culmination'. Katika safu ya kulia huandikwa 'kilele', na mkusanyaji akiona aibu ya kurudia, huandika 'upeo'. Kazi imekwisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini Waingereza wenyewe waliona haja ya kuwa na maneno manane, wala kama yote manane yalianza kwa kuelekeza macho mahali pamoja.

Hayakuanza hivyo. 'Climax' ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngazi. Wataalamu wa balagha wa kale walilitumia kutaja mtindo wa kupanda kwa vidato, ambapo neno linalofunga kauli moja huanzia kauli inayofuata, hoja ikipata nguvu kila hatua. Kwa hiyo neno hilo lilitaja kupanda, si mahali pa kufikia. Waingereza walilichukua kwa maana hiyo ya balagha katika karne ya 16, na ni kufikia mwishoni mwa karne ya 18 tu ndipo walipoanza kuliita tone la mwisho la ngazi kwa jina la ngazi nzima. Wanaleksikografia wao hawakusita kuandika kuwa mageuzi hayo yalitokana na watu kutolielewa neno la kitaalamu. Mhakiki wa Kiswahili anayetafsiri 'climax' kwa 'kilele' na kuapa kuwa hiyo ndiyo maana yake ya asili, anarithi kosa la watu wengine na kuliita elimu.

'Zenith' haikutoka Uyunani. Ni Kiarabu: samt ar-ra's, yaani njia au upande wa kichwa. Wanaastronomia wa Kiarabu walikusudia nukta ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa cha mtazamaji. Waandishi wa Kilatini wa Ulaya ya zama za kati wakaisoma vibaya herufi moja, na neno likatoka limepinda. 'Nadir', nukta iliyo kinyume chake chini ya miguu, ni Kiarabu vilevile. 'Apex' ilikuwa kwa Warumi ile ncha ya kijiti iliyochomoza juu ya kofia ya kuhani. 'Acme' kwa Wayunani ilikuwa ncha na makali, kisha ikawa ukomavu wa mtu. Wanahistoria wao wa kale, wasipoujua mwaka wa kuzaliwa kwa mwanafalsafa, waliutaja wakati wa 'acme' yake na kuukadiria kuwa umri wa miaka 40. 'Pinnacle' ilianza kama ubawa mdogo, ikawa kijinara chembamba juu ya jengo, mahali ambapo anayesimama huangaliwa na wote na huweza kuanguka wakati wowote. 'Culmination' inatokana na neno la Kilatini la kilele cha paa: mahali ambapo kuta, nguzo na viunzi vyote hukamilishia kazi yao. 'Summit' ndiyo pekee isiyo na fumbo; ni sehemu ya juu kabisa, basi. Tangu Churchill alipolitumia neno hilo mwaka wa 1950 kwa mazungumzo ya wakuu wa mataifa, limekuwa mali ya wanadiplomasia, na Kiswahili cha habari kikalifuata kwa 'mkutano wa kilele'.

Ngazi, utosi wa anga, ncha ya kofia, ukomavu wa umri, kijinara, paa. Katika picha hizo, ni ipi iliyo mlima? Mlima umo katika 'peak', na kwa kiasi fulani katika 'summit'. Kwingineko haumo. Safu ya kulia ya faharasa imeyapandisha mlimani hata maneno ambayo hayakuwahi kuuona.

3. Kambi mbili, kosa moja

Mintarafu suala hili wahakiki wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hudai kuwa 'kilele' chatosha: muktadha utamwongoza msomaji. Jibu ni kwamba muktadha hauwezi kumwongoza msomaji ambaye mwandishi mwenyewe hajui aendako. Anayeandika kuwa 'riwaya inafikia kilele mhusika anapofikia kilele cha mateso yake' amesema nini? Kwamba msuko umekazana, au kwamba maumivu yamezidi? Mambo hayo mawili yaweza kutukia mahali pawili tofauti, na katika kazi bora aghalabu ndivyo yatukiavyo.

Kambi ya pili ina bidii zaidi, lakini bidii yake ni ya kinakili. Yataka kila neno la Kiingereza lipewe lake la Kiswahili, moja kwa moja, manane kwa manane. Na lisipopatikana, liswahilishwe kwa kuongezewa irabu. Hao wanaamini kuwa Kiingereza kimeupanga ulimwengu sawasawa, na kwamba kazi ya lugha nyingine ni kuijaza safu. Wanasahau kuwa maneno hayo ya Kiingereza kwa sehemu kubwa ni mkusanyiko wa mikopo kutoka kwa Wayunani, Warumi na Waarabu, iliyofika kwa nyakati mbalimbali na kwa bahati mbalimbali. Waingereza wenyewe huyachanganya kila siku. Orodha iliyoundwa na ajali za historia ya watu wengine haiwezi kuwa ramani ya uhakiki wa Kiswahili.

Kosa la kambi zote mbili ni moja: zote huanzia katika neno la Kiingereza. Ya kwanza hulitafutia kisawe kimoja cha jumla, ya pili hulitafutia kisawe chake binafsi. Hakuna inayoanzia katika kazi ya fasihi na kuuliza: je, kilichofika juu hapa ni nini, na kimefikaje?

4. Nadharia iliyokopwa bila kipimo chake

Kosa hilo la istilahi limezaa kosa la nadharia. Karibu kila mwongozo wa tamthilia huchora umbo la pembetatu na kulinasibisha na Gustav Freytag, Mjerumani aliyechapisha kitabu chake kuhusu ufundi wa tamthilia mwaka wa 1863. Baada ya mchoro huo huelezwa kuwa kilele huja 'karibu na mwisho'. Lakini pembetatu ya Freytag haikusema hivyo. Katika tamthilia yake ya sehemu tano, nukta ya juu iko katikati, sehemu ya tatu. Baada yake kuna mteremko mrefu, kisha maangamizi. Aristotle naye, ambaye hutajwa katika ukurasa huohuo, hakuzungumza juu ya mlima wala ngazi alipoueleza msuko. Alizungumza juu ya fundo: kulifunga na kulifungua.

Chukua Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1963. Kaizari anauawa katika kitendo cha tatu. Muda mfupi kabla ya kuchomwa anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyotikisika: huo ni utosi wa fahari yake, na ni utosi kwa sababu hatua inayofuata ni kupinduka. Kifo chake, pamoja na hotuba ya Antonio inayofuata, ndicho kigeugeu cha msuko kwa kipimo cha Freytag. Vita vya Filipi, katika kitendo cha tano, ni maangamizi. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa kilele huja karibu na mwisho atakitafuta Filipi, atakikosa, kisha atahitimisha kuwa Shakespeare alizembea katika vitendo viwili vya mwisho. Mwanafunzi huyo hana hatia. Amepewa mchoro wa Mjerumani na kipimo kisichokuwa cha Mjerumani, vyote viwili kwa jina la 'kilele'.

5. Mfano wa Kinjeketile

Ushahidi mzito zaidi umo nyumbani. Ni tamthilia chache za Kiswahili zilizotahiniwa na kujadiliwa kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka wa 1969, ambayo msingi wake ni Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kilele chake kiko wapi?

Wako wanaojibu kuwa ni pale Kinjeketile anapotoka mtoni akiwa mzima, na watu waliokuwa wakinung'unika katika unyonge wao wanapopata neno la kuwaunganisha. Wako wanaojibu kuwa ni pale vita vinapowaka na maji yanaposhindwa kuzizuia risasi. Na wako wanaojibu kuwa ni kule gerezani, Kinjeketile anapotakiwa kukiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye akakataa, akijua kuwa kukiri kwake kutawapokonya watoto wa kesho sababu ya mapambano ya baba zao. Mabishano haya yamerudiwa darasa baada ya darasa, na kila upande umeushutumu mwingine kwa kutosoma vizuri.

Ukweli ni kwamba pande zote tatu zimesoma vizuri na zimepewa neno baya. Kutoka mtoni ni utosi wa imani: jua la watu limesimama wima, kivuli hakionekani, na kwa sababu hiyohiyo mteremko umekwisha kuanza. Tangu hapo Kinjeketile mwenyewe anaanza kulishuku neno alilolileta, kwa kuwa ndani yake mna ahadi ya kuwaweka watu chini ya Seyyid Said, yaani kubadilisha bwana mmoja kwa mwingine. Vita ni kipeo cha mgogoro: nguvu mbili zilizokuwa zikikaribiana zinagongana, na fundo halina budi kufunguka. Gereza ni upevu wa mhusika: Kinjeketile hana tena jeshi, hana uwezo, hana hata imani yake ya awali, lakini hapo ndipo anapolielewa neno lake kuliko alivyolielewa alipolitamka.

Utosi, kipeo na upevu havikutukia mahali pamoja, na umbali uliopo baina yake ndio tamthilia yenyewe. Msiba wa Kinjeketile ni kwamba watu walikuwa juu kabisa alipokuwa hajapevuka, naye akapevuka walipokwisha kuanguka. Mhakiki anayelazimisha kilele kimoja hupata tukio na kuipoteza tamthilia. Hawezi hata kulieleza swali la msingi la Hussein, yaani jinsi neno linavyoweza kukua likampita aliyelizaa, kwa sababu hana istilahi za kutofautisha kimo cha neno na kimo cha mtu.

6. Kupea, utosi, bamvua

Hapa patazuka swali: je, maneno haya yametoka wapi? Hayakubuniwa. Yamo katika lugha, na yana mantiki yake.

Kitenzi 'kupea' kina maana ya kukua hadi kutimia, kufika ukomo wa ukuaji. Kutokana nacho lugha imepata 'kipeo' na 'upeo', na kama vile kupotea kulivyozaa '-potevu' na kulegea '-legevu', ndivyo kupea kulivyozaa '-pevu', ambapo panatoka 'upevu' na 'kupevuka'. Mwezi mpevu ni mwezi uliotimia. Mtu mpevu ni mtu aliyekomaa akili. Kiswahili, kwa hiyo, kilikuwa na dhana ya 'acme' ndani ya mzizi wake kabla ya mhakiki yeyote kufungua faharasa, na hakikuiona kuwa mlima, bali tunda na mwezi. Upeo nao ni mahali uwezo unapokoma, ndiyo maana mtu husema 'upeo wa macho'. Anayeandika 'upeo wa mgogoro' akikusudia mahali mgogoro ulipokaza, amelitumia neno la mpaka kwa maana ya kimo. Kipeo, ingawa wanahisabati wamekwisha kukitwaa kwa shughuli zao, bado chafaa kwa nukta ambapo mistari ya msuko hukutana.

Utosi ni hoja ya pekee. Waarabu walisema samt ar-ra's. Mswahili husema jua limefika utosini. Picha ni ileile: anga hupimwa kwa kichwa cha aliyesimama chini yake. Na katika maisha ya pwani nukta hiyo haikuwa pambo la maneno, kwa kuwa wakati wa adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka utosini. Yaani utosi hujulikana kwa kupinduka. Mhakiki anayesema kuwa dola au mhusika amefika utosini ameahidi kuonyesha alasiri yake. Hilo ni jukumu ambalo 'kilele' hakimtwiki.

Kwa mtazamo huo Al-Inkishafi husomeka upya. Imesikika mara kadhaa kuwa utenzi huo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir 'hauna kilele', na kauli hiyo hutolewa kama hukumu. Lakini mshairi amesimama katika magofu ya Pate jioni ya mji huo. Majumba yaliyokuwa yaking'aa taa yamekuwa makazi ya ndege na popo. Utosi wa Pate umekwisha kupita kabla ya ubeti wa kwanza, na nguvu yote ya utenzi hutokana na kukumbukwa kwake. Kuutafutia kilele mbele ni kumtaka mtu apande mlima ambao mshairi anauomboleza kwa kuwa umeporomoka.

Na ziko kazi ambazo hazikupanda kabisa. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ambao hunasibishwa na mwaka wa 1728, una beti zaidi ya 1,000, na vita vyake huja kwa mikupuo: makabiliano, utulivu, makabiliano tena. Wavuvi wanaijua sura hiyo. Maji hujaa na kupwa kila siku, na mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, huja bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine. Bamvua halimalizi bahari, hurudi. Mhakiki aliyezoea pembetatu huuona utendi kama huo kuwa umekosa umbo. Aliyewahi kuishi kando ya bahari huliona umbo hilo bila kufunzwa. Hata Nagona ya Kezilahabi ya mwaka wa 1990, ambayo wengi hulalamika kuwa haishikiki, huenda ikashikika zaidi ikipimwa kwa kurejea kwake kuliko kwa kupanda kwake.

Ngazi nayo irudishiwe ngazi. Mtindo wa kauli kupokezana maneno kwa kupanda uitwe ngazi, wala usiitwe kilele, kwa kuwa huo ndio uliokuwa 'climax' tangu mwanzo. Na kwa yule aliyetukuzwa mahali pembamba, iko 'kinara', neno ambalo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilichagua kwa ile sehemu ya hekalu ambapo Ibilisi alimweka Yesu ili ajitupe chini. Wafasiri hao hawakuandika 'kilele cha hekalu'. Waliliona jengo, wakaiona hatari, wakachagua. Waandishi wa habari wa Kenya, wanaomwita kiongozi wa muungano wa vyama 'kinara', huenda wamesema kweli zaidi ya walivyokusudia.

7. Hitimisho

Makala haya hayataki neno 'kilele' lifukuzwe. Lina kazi yake halali: mlima, mti, na siku ya kufunga sherehe za wiki nzima. Katika uhakiki pia lina mahali, pale ambapo kweli kuna kupanda na kufika. Kinachopingwa ni kuligeuza kuwa gunia. Vilevile hayataki istilahi zilizopendekezwa hapa zitiwe katika faharasa mpya yenye safu mbili, 'utosi' ukielekezwa kwa 'zenith' na 'upevu' kwa 'acme', kisha wanafunzi wazikariri. Hilo litakuwa kosa lilelile kwa wino mpya. Kinachotakiwa ni kwamba mtahini, kabla ya kuuliza kilele kiko wapi, aseme ni kilele cha nini. Na mhakiki, kabla ya kuandika neno hilo, ajiulize kama alichokiona kimepanda, kimepea, kimejaa, au kimepinduka.

Hata mlima wenyewe haukubaliani na wanaoutumia ovyo. Mlima Kenya hauna kilele kimoja. Batian ina mita 5,199, Nelion 5,188, na Lenana 4,985. Wapandaji wengi huishia Lenana, ambako miguu hufika bila kamba, hupiga picha na kurudi wakisema wamefika juu ya mlima. Batian huwa mbele yao, ng'ambo ya bonde la barafu, wakiitazama kwa macho yao wenyewe. Uhakiki unaoitosheka na neno moja umeishia Lenana.